Kuanua Matanga: Kiswahili na Majonzi ya Mazingira

Lugha huwa na maneno ya kuombolezea kile ambacho wasemaji wake wamezoea kukipoteza. Mwaka 2003 mwanafalsafa wa Australia, Glenn Albrecht, alibuni neno jipya, solastalgia, kuutaja uchungu wa wakazi wa Hunter Valley: hawakuhama makwao, bali makwao ndiko kulikoharibiwa na machimbo ya makaa ya mawe. Agosti 2019, huko Iceland, watu walipanda mlima Ok na kuweka kibao cha kumbukumbu ya barafu yake ya kale iliyotoweka. Mlima Kilimanjaro nao, kati ya 1912 na 2011, ulipoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu yake.

Kiswahili hakikosi msamiati wa msiba: huzuni, majonzi, simanzi, jitimai. Lililo kubwa zaidi ni utaratibu uliohifadhiwa na msamiati huo. Mfiwa hukaa matanga pamoja na wenziwe, hupewa mkono wa rambirambi, kisha siku hufika matanga yakaanuliwa, na watu wakarejea shambani na baharini. Kukaa huzuia upweke. Kuanua huzuia kukata tamaa.

Mkulima aliyeingoja vuli isifike, au kijana aiogopaye miaka ijayo, akiambiwa tu apige moyo konde, huachwa peke yake na msiba usio wake peke yake. Hasara ya wengi hukaliwa na wengi. Na aanuaye matanga hasahau: hupanda mikoko akikijua alichokipoteza.