Joto ni la Chini, Volti Je?

Muuzaji aliyeongeza kasi ya prosesa kupita kiwango cha kiwandani hupenda kutuonyesha kipimo cha joto: nyuzi 70, basi salama. Twawaomba mtazame volti pia. Joto likizidi, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe. Volti ikizidi huitafuna kimyakimya, hata feni ikiwa bora, na uharibifu huo hautengenezeki. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba volti za juu mno zilidhuru baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14, hata bila mtumiaji kuongeza kasi. Ilitoa sasisho la kuzuia maombi ya zaidi ya volti 1.55, ikarefusha dhamana kwa miaka miwili. Kabla ya kulipa, ombeni volti ya prosesa ikiwa kazini iandikwe kwenye risiti.