Joto la Kazini na Figo Zetu

(Mhadhara uliotolewa kwa vijana na familia mwezi wa Ramadhani, baada ya swala ya Alasiri. Tumeuchapa karibu kama ulivyosemwa.)



Wazee wangu, mama zangu mlioko upande ule, vijana wenzangu. Nimeombwa nizungumzie afya, na najua mwezi huu kila anayeombwa kuzungumzia afya huanza na sambusa na mafuta. Leo sambusa tuziache. Nataka kuzungumzia kazi, hasa kazi ya juani, na kiungo kimoja kisichopiga kelele kikiumia, nacho ni figo.

Nianze mbali kidogo, mnivumilie. Mwaka 2002 madaktari wa El Salvador, nchi ndogo kule Amerika ya Kati, walichapisha jambo lililokuwa likiwasumbua wodini. Watu walikuwa wakiletwa hospitali kuu ya San Salvador figo zimekwisha kabisa. Sasa daktari akiona figo imekufa, maswali yake ya kwanza ni mawili: una sukari? Una presha? Lakini theluthi mbili hivi ya wagonjwa wale hawakuwa na sababu yoyote inayojulikana. Wengi wao ni wanaume, wakulima na vibarua, watu wa nyanda za chini karibu na pwani.

Nchi jirani ya Nicaragua mambo yalikuwa hayo hayo. Uko mji unaitwa Chichigalpa, mji wa miwa, kama vile sisi tunavyosema Mumias. Hapo pana kijiji kinachoitwa La Isla, yaani Kisiwa. Watu wakakibandika jina la Kisiwa cha Wajane, manake wakata miwa walikuwa wakifa wakiwa bado vijana wa miaka thelathini na arobaini, wanaacha wake na watoto. Inakadiriwa ugonjwa huu umeua watu wasiopungua 20,000 katika Amerika ya Kati. Ilifika mwaka 2013 ndipo shirika la afya la nchi za Amerika lilipoutambua rasmi kuwa ni tatizo kubwa la afya ya jamii.

Sababu ni nini? Hapa niwe mkweli, wataalamu bado wanabishana. Wako wanaosema ni dawa za kunyunyizia mashamba, wengine wanasema ni maji ya visima. Inawezekana vyote vina mkono. Lakini ushahidi wa joto umezidi kupata nguvu. Mwaka 2012 ulitolewa utafiti uliolinganisha vijiji vya El Salvador: wanaume waliofanya kazi za mashamba ya miwa na pamba kule chini pwani, kwenye joto, walikutwa na figo mbovu wengi zaidi kuliko wakata miwa wa mita 500 juu, penye ubaridi kidogo. Miwa ni ile ile. Halafu wakaangaliwa waoka matofali wa Nicaragua, watu ambao hawashiki dawa ya shamba hata kidogo, kazi yao ni tanuri na jua tu. Nao pia figo zao zilikuwa zinaharibika.

Hebu tuangalie mwilini kunatokea nini. Damu inayosukumwa na moyo, karibu sehemu moja katika tano hupita kwenye figo. Unapobeba gunia juani, mwili unataka damu iende kwenye ngozi ipate kupoa, na misuli nayo inadai damu yake. Maji yanatoka kwa jasho. Basi figo zinapunjwa. Juu ya hayo, misuli ikichoka kupita kiasi huvunjika na kumwaga taka ambazo figo hiyo hiyo iliyopunjwa ndiyo inatakiwa kuzichuja. Siku moja si kitu, figo hurudi. Tatizo ni kesho tena, na kesho kutwa, msimu mzima, miaka mitano. Na figo haina maumivu ya kukuonya. Mtu anakuja hospitali amevimba miguu, anatapika, na hapo sehemu kubwa imeshakwenda. Kinachobaki ni mashine ya kusafisha damu mara mbili au tatu kwa wiki, na nyumba nyingi hapa zinajua maana yake.

Sasa sikilizeni habari njema. Kwenye kiwanda kimoja kikubwa cha sukari huko huko Nicaragua, watafiti na kampuni walikubaliana kujaribu kitu rahisi: maji ya kutosha karibu na mtu alipo, kivuli cha kuhamishika kinachofuata wakataji shambani, na mapumziko ya lazima yanayopangwa kwa saa. Si mapumziko ya kuomba, ni ya lazima, hata yule anayelipwa kwa tani asione anapoteza. Msimu wa 2018 hadi 2019 waliongeza mapumziko na kuyasimamia vizuri zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: kwa wakata miwa iliyochomwa, ambao ndio wenye kazi nzito kuliko wote, wanaoumia figo walipungua kwa asilimia 70 hivi ukilinganisha na msimu wa nyuma. Bila sindano wala dawa. Maji, kivuli na kukaa chini.

Kabla sijaiacha mada ya maji, mambo mawili tunayofanya sana. La kwanza ni soda. Mwaka 2019 watafiti wa Buffalo, Marekani, walichukua watu 12 wenye afya, wakawafanyisha kazi kwenye joto kwa saa nne. Siku moja wakiwanywesha maji, siku nyingine soda. Siku ya soda dalili za figo kuumia zilipanda. Watu 12 ni wachache, sikatai, lakini vijana wetu wa mjengo chakula chao cha saa sita ni soda na mkate. La pili ni dawa za maumivu. Mgongo ukiuma unakwenda dukani, unapewa diklofenaki au ibuprofeni, unameza, unarudi kubeba. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo. Mwili ukiwa na maji ni afadhali. Mwili ukiwa umekauka, unaikaba figo mara mbili.

Wengi hapa mna kaka, mtoto au mume Saudia, Qatar au Dubai. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa vifo vya vibarua wa Nepal waliokuwa Qatar kati ya 2009 na 2017. Vifo vilivyoandikwa kuwa ni vya moyo vilikuwa 571, na watafiti wakakadiria kwamba hadi 200 kati ya hivyo vingeweza kuzuilika kama watu wangekingwa na joto. Vijana waliopimwa wakaonekana wazima ndipo wakasafiri! Mwaka 2021 Qatar ilibadilisha kanuni: kazi za nje hazifanywi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa unusu alasiri, tangu Juni 1 hadi Septemba 15, na kipimo cha joto na unyevu kikipita kiwango fulani kazi inasimama saa yoyote. Saudia na Falme za Kiarabu nazo zina saa za mchana za kuzuia kazi ya juani, ingawa ni chache zaidi. Mwenye kusafiri azijue saa hizo kabla ya kupanda ndege.

Na ajue hili pia. Marekani wamehesabu, wakaona kwamba katika vifo vya joto kazini, zaidi ya saba katika kumi hutokea wiki ya kwanza ya kazi. Mwili unahitaji siku saba hadi kumi na nne kuzoea. Anayefika Juni na kutupwa juani siku ya kwanza yuko hatarini kuliko aliyemkuta pale.

Turudi nyumbani. Miaka ile ya 2010 hadi 2016 Ramadhani ilikuwa ikiangukia Juni, Julai, Agosti. Kule Ghuba ilikuwa moto mtupu. Sisi pwani ni kusi, kuna upepo na mvua za hapa na pale. Sasa mambo yamegeuka. Ramadhani imekuja Februari na Machi. Ghuba wana hali ya hewa nzuri, na sisi tumo ndani ya kaskazi, joto la kuloa, shati halikauki. Kwa hivyo hamali wa bandarini, msukuma mkokoteni wa Kongowea, kijana wa mjengo, fundi wa kuchomelea vyuma kando ya barabara, na mama anayekaa na jiko la makaa tangu adhuhuri kutuandalia futari (naye ni mfanyakazi, tusimsahau) wote wamefunga katika miezi mibaya kuliko yote ya mwaka.

Tusielewane vibaya. Tafiti nyingi za watu wenye afya hazikuona kwamba saumu yenyewe inaharibu figo. Ninachozungumzia ni saumu pamoja na kazi nzito pamoja na joto. Hata mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani wa mwaka 2021, unaompa mgonjwa alama za hatari kabla ya kufunga, unahesabu kazi nzito ya mwili kama alama kubwa. Suala la nani afungue na lini ni la masheikh, na Qur'ani imemtaja mgonjwa. Mwenye sukari, mwenye figo iliyoanza kuchoka, aende kwa daktari, halafu alichoambiwa akipeleke kwa sheikh.

Lakini kabla ya kufika huko, iko njia ya saa. Kwa nini zege limwagwe saa saba mchana? Tajiri Mwislamu mwenye jengo anaweza kuanzisha kazi baada ya swala ya Alfajiri, mpaka saa nne au tano watu wamemaliza, na kazi nyingine ifanywe usiku baada ya tarawehe chini ya taa. Anayeona atapata hasara namwambia hivi: ripoti ya mwaka 2025 ya Shirika la Afya Duniani na lile la Hali ya Hewa ilieleza kwamba kazi hupungua kwa asilimia mbili hadi tatu kwa kila digrii inayopanda juu ya 20 ya kipimo cha joto na unyevu. Kibarua wa saa nane mchana unamlipa pesa kamili kwa kazi iliyopungua. Na sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa. Kwa wasiofunga na kwa miezi mingine, kikombe kimoja kila robo saa kinatosha. Kwa aliyefunga, maji yagawanywe tangu futari hadi daku, si lita mbili kwa pumzi moja kabla ya adhana.

Mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, au akianguka juani, usimsubirie gari. Mpeleke kivulini, mvue shati, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea; kumpoza kwanza, hospitali baadaye. Kama hana fahamu usimtie kitu mdomoni. Na ukiona mkojo wako una rangi ya strungi siku mbili tatu, nenda kapime.

Kipimo chenyewe kinaitwa kreatinini, ni damu kidogo tu. Wanaokwenda Ghuba hupimwa mambo mengi kabla ya kuondoka: uliza kama figo zimo, na omba nakala ya majibu umwachie mama aweke kabatini. Ukirudi pima tena, ulinganishe. Ukiwa kwa daktari mwambie kazi yako hata kama hajakuuliza. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, aliwaandikia madaktari wenzake mwaka 1700 kwamba mgonjwa aulizwe pia anafanya kazi gani. Miaka mia tatu na zaidi, na bado ziko kadi za hospitali zinazojazwa jina, umri na mtaa, pale pa kazi pakaachwa wazi.

Naona Magharibi inakaribia. Tuchukue maswali matatu manne, tuanze upande wa akina mama.