Mwiba Usiong'oka: Kudumu katika Imani Bila Kuponywa

Mada hii inamhusu Mkristo aliyeomba, akafunga, akawekewa mikono, na hadi leo anaumwa. Katika makanisa yetu mtu huyo huulizwa, kwa upole au kwa ukali, kama kweli anaamini. Swali hilo limekaa vibaya. Linachukulia kwamba imani ni nguvu ya moyo, na ugonjwa ukigoma kuondoka basi nguvu imepungua. Katika 2 Wakorintho 12, Paulo anasema alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba wa mwilini, na mwiba haukutoka. Alichopewa ni neema ya kuendelea nao. Wafasiri wamebishana kama ulikuwa macho, homa au wapinzani. Mimi naona ni heri hakuutaja, maana angeutaja, wenye maradhi mengine wangejiona hawahusiki. Kwa hiyo kudumu ni kubaki katika wito ilhali udhaifu upo palepale.

Mfano wa karibu uko Rabai, karibu na Mombasa. Mmisionari Johannes Rebmann alifika Mombasa mwaka 1846 akamkuta mmisionari mwenzake Krapf, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika mkewe na kichanga chao huko. Rebmann alidumu Afrika Mashariki miaka 29. Aliposema ameona theluji Kilimanjaro mwaka 1848, wapo wasomi wa London waliombeza. Mkewe Emma akafariki mwaka 1866. Waongofu walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mwisho macho yakazima. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa akiongozwa na Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa waongofu wale wachache. Mtu anaweza kusema huo ni ukaidi tu. Pengine ulikuwepo kidogo. Ila mkaidi hung'ang'ania hata pale asipojifunza lolote, na Rebmann aliketi akiwasikiliza Waafrika, neno kwa neno, akiandika. Kamusi yake ya Kiniassa, lugha ya ukanda wa Ziwa Nyasa, ilichapwa mwaka 1877, yeye akiwa kaburini tangu mwaka uliotangulia.

Pingamizi zito zaidi ni hili: mafundisho ya kuvumilia yamewafanya wagonjwa waache dawa, na wake wanaopigwa warudishwe nyumbani wakaombe. Ni kweli, na viongozi tuna lawama yetu. Lakini hayo hayatoki kwa Paulo. Timotheo alishauriwa naye atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na huo ni ushauri wa tiba. Kipigo nacho hakikuwa mwiba wa kuombewa neema: huko Filipi, baada ya kuchapwa bila hukumu, Paulo aliwadai wakuu wa mji waje wenyewe kumtoa gerezani. Katika waraka wa pili kwa Timotheo, mwenzake Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa, na hakuna neno hata moja la kumshutumu kwa upungufu wa imani. Katika waraka huohuo Paulo, mfungwa anayeona mwisho wake u karibu, anaagiza aletewe joho aliloliacha kwa Karpo kule Troa, na Timotheo afanye hima kufika kabla ya majira ya baridi.