Nafasi Tano Alizoziacha: Mwalimu Nyerere na Mtihani wa Kuondoka Madarakani



Tumezoea kusimulia maisha ya Julius Kambarage Nyerere kwa kufuata vyeo alivyopanda. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akawa Rais wa TANU mwaka 1954, Waziri Mkuu wa Tanganyika huru mwaka 1961 na Rais wa Jamhuri mwaka uliofuata. Jioni hii naomba tuyasome maisha hayo kwa kufuata nafasi alizoziacha. Ziko tano: kazi ya ualimu mwaka 1955, kiti cha kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, uwaziri mkuu mwaka 1962, urais mwaka 1985 na uenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi mwaka 1990. Hoja yangu ni kwamba kwa Nyerere kuondoka kulikuwa mbinu ya siasa, iliyomsaidia kuhamishia nguvu pale alipoamini ndipo penye uhalali. Mbinu hiyo ilianza kulifaa taifa kwa kudumu mwaka 1984, pale hulka ya mtu mmoja ilipogeuzwa kuwa sheria. Na sheria hiyo, kama nitakavyoonyesha, iliishia nusu ya njia.

Tuanze na zile mbili za mwanzo. Machi 1955 Nyerere alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa nauli iliyochangwa na wanachama wa TANU. Aliporudi alitakiwa achague kati ya siasa na kufundisha katika shule ya Pugu, akachagua siasa. Ikumbukwe kwamba katika nchi iliyokuwa na wasomi wa kuhesabika, mwenye shahada ya chuo kikuu aliacha mshahara wa uhakika kwa ajili ya chama ambacho hakijatimiza hata mwaka mmoja. Miaka miwili baadaye serikali ya Gavana Twining ilimteua katika Baraza la Kutunga Sheria. Hoja zake hazikupokelewa, na Desemba 1957 akajiuzulu, akieleza kwamba serikali haikuonyesha moyo wa maelewano. Kinachofumbua fikra zake ni kilichofuata mwezi mmoja tu baadaye. Katika mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958, wajumbe wengi walitaka kususia uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, tena baada ya kutimiza masharti ya kipato, elimu au wadhifa. Nyerere aliwashawishi waingie. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuunda chama chake. Mtu aliyekikataa kiti cha kupewa Desemba alikuwa anatetea uchaguzi wa dhuluma Januari. Hapakuwa na ukigeugeu. Kiti cha kuteuliwa kilimfunga kwa aliyemteua, ilhali uchaguzi, hata ule mbovu, ulimfungulia njia ya kuwafikia wananchi. TANU na wagombea iliowaunga mkono walishinda, na mlango wa Uhuru ukafunguka.

Kuondoka kwa tatu kunastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Tarehe 22 Januari 1962, siku 44 tu baada ya bendera ya Uhuru kupandishwa, Waziri Mkuu alijiuzulu na kumkabidhi Rashidi Kawawa serikali. Oktoba iliyotangulia, katika mjadala wa uraia, baadhi ya wabunge wa chama chake mwenyewe walitaka uraia utolewe kwa kigezo cha rangi, naye akatishia kujiuzulu pamoja na serikali yake endapo wangeshinda. Alishinda mjadala, lakini aliona pengo kati ya serikali na wanachama. Chama kilichoundwa kudai Uhuru kilikuwa kimetimiza lengo lake na hakikujua kifanye nini kesho yake. Ndiyo maana alizunguka nchini kukijenga upya, na Aprili mwaka huohuo akatoa kijitabu chake juu ya ujamaa kama msingi wa siasa ya Afrika. Hadi hapo simulizi ni ya kupendeza. Lakini mtafiti mwaminifu hana budi kuangalia kilichopita bungeni katika miezi hiyohiyo: sheria iliyobana migomo ya wafanyakazi, Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, na katiba ya jamhuri yenye rais mtendaji. Alitoka akiwa Waziri Mkuu aliyewajibika kwa Bunge. Tarehe 9 Desemba 1962 alirudi akiwa Rais mwenye mamlaka mapana kuliko yale aliyoyaacha, baada ya kumshinda Mtemvu kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura. Kuondoka kule kulikipa chama uhai na kuliipa dola meno, na wala hatuwezi kuchukua sehemu moja tukaiacha nyingine.

Kisha ikapita miaka 23, na hapo ndipo pingamizi la kwanza linapoinuka: inakuwaje tumwite bingwa wa kuondoka mtu aliyekaa Ikulu muda wote huo? Wenye pingamizi hili huongeza kwamba hata mwaka 1985 alisukumwa na hali. Uchumi ulikuwa umedhoofishwa na bei ya mafuta, gharama za vita dhidi ya Idi Amin za mwaka 1978 na 1979, na makosa ya sera zake mwenyewe. Watu walipanga foleni kwa ajili ya sabuni na sukari, na Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa likidai masharti aliyoyakataa. Nakubali kwamba hali hiyo iliandaa mazingira, lakini haitoshi kuwa maelezo. Mobutu wa Zaire alikaa katika dhiki kubwa zaidi hadi alipofurushwa mwaka 1997. Kenneth Kaunda, rafiki yake wa karibu, aliondoka kwa kushindwa uchaguzi wa mwaka 1991, na Kamuzu Banda vivyo hivyo mwaka 1994. Shida ya uchumi peke yake haimng'oi mtawala aliyekusudia kubaki. Zaidi ya hayo, Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine, ambaye wengi walimtazama kama mrithi, alifariki katika ajali ya gari. Mtu aliyekuwa akitafuta kisingizio cha kuongeza muda alikuwa amekipata. Nyerere hakukitumia, na tarehe 5 Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi akaapishwa. Mwaka uliofuata serikali mpya ilikubaliana na Shirika la Fedha. Kwa kuondoka, Nyerere aliiruhusu nchi ibadili mwelekeo ambao yeye mwenyewe asingekubali kuubadili.

Pingamizi la pili lina uzito mkubwa kuliko la kwanza. Linasema Nyerere aliacha ofisi, hakuacha nguvu. Mwaka 1962 alibaki Rais wa TANU, na mwaka 1985 alibaki Mwenyekiti wa CCM kwa miaka mitano zaidi, katika mfumo ambao chama kilishika hatamu. Linasema pia kwamba kuondoka kwa hiari kunageuka kuwa hisani ya mtawala pale ambapo raia hana njia ya kumwondoa. Tangu mwaka 1965 mpiga kura aliweza kumwangusha mbunge, hata waziri, kwa kuchagua kati ya jembe na nyumba, alama za wagombea wawili wa chama kilekile. Kwa Rais aliulizwa ndiyo au hapana kuhusu jina moja. Wanavijiji waliohamishwa kwa nguvu kati ya mwaka 1973 na 1976 hawakuwa na mgombea mwingine wa kumpelekea hasira zao, na wapo waliowekwa kizuizini bila kesi. Hata kujiuzulu hakukuwa kwa hiari kila mara: Januari 1984 Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar, aliachia vyeo vyake kwa shinikizo la kikao cha chama kilichofanyika Dodoma, Nyerere akiwa Mwenyekiti.

Sina jibu la kulifuta pingamizi hili, wala sitalitafuta. Lina ukweli, na linaimarisha hoja yangu. Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba katiba ilimpa mamlaka ya kutosha kumfanya dikteta. Kama kilichomzuia ni hulka yake, basi wananchi waliishi kwa kutegemea bahati. Wema wa mtawala haurithishwi kwa mrithi wake. Ahmadou Ahidjo wa Kamerun alijiuzulu urais mwaka 1982 na kubaki na chama, kama Nyerere alivyofanya miaka mitatu baadaye, lakini yeye na Paul Biya wakafarakana, akaishia uhamishoni, na Aprili 1984 nchi ikatikiswa na jaribio la mapinduzi. Uamuzi wa aina moja ulizaa matokeo tofauti. Tofauti hiyo, kwa maoni yangu, inaanzia katika jambo ambalo wasifu wa Nyerere hulitaja kwa kupita tu: mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984, yaliyoingiza haki za binadamu ndani ya Katiba na kuweka ukomo wa urais wa mihula miwili ya miaka mitano. Nyerere alikuwa bado Ikulu. Alichokuwa akikifanya kwa hiari tangu Pugu, warithi wake wangelazimika kukifanya kwa sheria.

Sheria hiyo imepimwa na haikuvunjika. Mwinyi aliondoka mwaka 1995, Benjamin Mkapa mwaka 2005, Jakaya Kikwete mwaka 2015. Ziliposikika sauti za kutaka John Magufuli aongezewe muda, ukomo haukuguswa, na alipofariki Machi 2021 Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa kwa utaratibu wa Katiba siku mbili baadaye. Tulinganishe na majirani: Uganda iliondoa ukomo mwaka 2005, Rwanda ilifungua njia kwa kura ya maoni ya mwaka 2015, na mwaka huohuo muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza uliitumbukiza Burundi katika umwagaji damu. Sidai kwamba ukomo wa Tanzania ni kazi ya mtu mmoja. Nadai kwamba ni vigumu kwa mrithi kuomba kile ambacho mwasisi alikikataa mbele ya macho ya wote.

Hata hivyo, sheria ya mwaka 1984 ilimgusa mtu ikakiacha chama. Nyerere aliliona hilo. Mwaka 1990, alipoachia uenyekiti, alikuwa ameanza kuhimiza mjadala wa vyama vingi. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipobaini kwamba takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, aliunga mkono mageuzi kwa ajili ya wale waliobaki, na mwaka 1992 sheria ikabadilika. Lakini mfumo ulioachwa ulikuwa na mapungufu mazito. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya 1977 inaizuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyekwisha kutangazwa, na mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba kizuizi hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Kwa maneno mengine, tumejifunza kumbadilisha Rais kwa kalenda, na bado hatujampa mpiga kura uhakika kamili kwamba anaweza kukibadilisha chama kinachotawala.

Anayemuenzi Mwalimu kwa kusifu unyenyekevu wake anampa heshima anayostahili, lakini anachukua sehemu ndogo ya urithi wake. Sehemu kubwa ni swali la kitaasisi: nani ana haki ya kumwambia mtawala kwamba muda wake umekwisha? Mwaka 1955, 1957, 1962, 1985 na 1990 jibu lilitoka kwa Nyerere mwenyewe. Mwaka 1984 lilianza kutoka kwenye Katiba. Kizazi chetu kina wajibu wa kulifikisha kwenye sanduku la kura, kwa tume inayoaminika na mahakama yenye uwezo wa kusikiliza lalamiko la uchaguzi wa Rais, ili kuondoka kusiwe fadhila ya mtawala wala ya chama. Kazi hiyo ni ya wanasheria, wanahistoria na raia wote walioko katika ukumbi huu, na nyenzo zake tunazo.