MAZUNGUMZO: UPANA WA NDOO YA MASHINE NA MSINGI WA NYUMBA



Zamani msingi wa nyumba ulichimbwa kwa jembe, sururu na pauro, na upana wa mtaro ulifuata kamba ya fundi. Siku hizi mashine ya kuchimba, ambayo wengi huiita kijiko, hufanya kwa saa chache kazi ya siku nyingi. Lakini mashine haiwezi kuchimba mtaro mwembamba kuliko ndoo yake. Kwa hiyo anayechagua ndoo ndiye anayeamua ni saruji kiasi gani itazikwa ardhini.

Ndoo za kuchimbia mitaro hupatikana kwa upana wa milimita 300, 450, 600, 750 na 900. Kanuni ya kwanza ni hii: upana wa ndoo ulingane na upana wa zege la msingi ulioandikwa katika ramani. Ikiwa ramani inataka milimita 600, iagizwe ndoo ya 600.

Chukuliwe mfano wa nyumba yenye mitaro ya jumla ya mita 60 na zege la unene wa milimita 250. Kwa ndoo ya 600, zege litakuwa mita za ujazo 9. Kwa ndoo ya 900, litafika mita za ujazo 13.5. Zege la uwiano wa 1:2:4 huhitaji takriban mifuko 6 ya saruji ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Tofauti ni mifuko 27, na ukuta hauongezeki hata tofali moja. Mtaro ukiwa na kina cha mita 1, udongo wa ziada wa kuchimbwa nao ni mita za ujazo 18.

Kanuni ya pili ni kuitazama ardhi. Huko Gorong'a, Mkoa wa Mara, mjenzi wa mlimani hukutana na mawe, na wa nyanda za chini hukutana na udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mashine ikitoka mbali huenda ikaja na ndoo moja tu; mwenye nyumba asipouliza mapema, ataletewa iliyopo.

Visiwani hali ni hiyo hiyo kwa majina mengine. Penye maweni na uwanda, ndoo nyembamba yenye meno madhubuti hufaa zaidi, kwani nguvu ya mashine hukusanyika mahali padogo. Mtaro ukihitaji upana zaidi, ipitishwe mara mbili. Jiwe likikataa, itumike nyundo ya mashine. Chini ya mawe ya matumbawe huenda pana mapango. Ardhi ikilia uwazi, kazi isimame mpaka ikaguliwe.

Kwenye kinamo cha mabonde, ndoo nyembamba hunasa udongo usitoke, kwa hiyo ndoo pana kidogo huwa nyepesi kufanya kazi. Hata hivyo upana wa ndoo si tiba ya kinamo. Msingi huko hauna budi kushuka chini ya tabaka linalopasuka, kwa kina atakachoelekeza mhandisi. Kwenye kichanga kingo hubomoka, na mtaro uliochimbwa kwa 600 huweza kuishia 900. Hapo kingo zitegemezwe kwa mbao.

Kanuni ya tatu ni sakafu ya mtaro. Meno ya ndoo huivuruga ardhi iliyoshikamana. Inafaa mashine iishie juu kidogo ya kina kinachotakiwa, na sehemu iliyobaki isawazishwe kwa mkono au kwa ndoo isiyo na meno. Mtaro ukizidi kina, pengo lijazwe zege. Udongo uliorudishwa utadidimia, na ukuta utapata ufa.

La mwisho ni usalama wa watu. Udongo uliochimbwa uwekwe mbali na ukingo, angalau mita 1. Mtu asiingie katika mtaro wa kina kirefu usiotegemezwa, hata kwa dakika moja, kwani mita moja ya ujazo ya udongo huzidi uzito wa tani moja na nusu. Kabla ya kuanza, iulizwe njia ya mabomba ya maji na nyaya za umeme. Penye ukuta wa jirani, uchimbaji usishuke chini ya msingi wake bila ya ushauri wa mhandisi.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Kabla ya mashine kuitwa, wananchi wanashauriwa kuchimba shimo la majaribio kwa mkono, kuisoma ramani pamoja na fundi, na kuandika upana wa ndoo katika makubaliano na mwenye mashine. Watumishi wanaosimamia ujenzi nao wanakumbushwa kuupima mtaro kabla ya zege kumwagwa, kwani baada ya hapo hakuna wa kuuona tena.