Nyuma ya Wavu



Katika Injili ya Dominika ya 12 ya Mwaka A, sura ya 10 ya Mathayo Mtakatifu, Bwana wetu anawaambia mitume wake mara tatu wasiogope. Anawajulisha kwamba lililofichwa litafunuliwa, na kwamba Baba amezihesabu hata nywele za vichwa vyao. Maneno hayo nimewasomea wagonjwa na wafiwa mara nyingi. Leo nawasomea vijana wenye simu.

Msichana wa kidato cha pili alinijia baada ya Misa, akanionesha simu yake. Alikuwa amejiunga na programu ambamo watu huandika bila kutaja majina, akawaalika rafiki zake waseme wanavyomwona. Wakasema. Sitayarudia hapa. Lakini kilichomtesa zaidi si matusi yenyewe. Kwa majuma mawili, kila aliyemtazama darasani alimdhania kuwa ndiye mwandishi, hata yule waliyeketi dawati moja tangu shule ya msingi.

Nakiri kwamba nilikuwa tayari kumkemea. Nikamwuliza kwanza kwa nini alijiunga. Akajibu: “Padre, kuna mambo siwezi kuyauliza kwa jina langu.”

Jibu hilo lilinifunga mdomo, kwa maana Kanisa linaijua haja hiyo. Sheria ya Kanisa inaagiza kuwepo mahali pa kuungamia penye wavu, ili anayetaka aungame bila kuonekana uso. Kujificha ili useme ukweli wa moyo wako si dhambi. Swali ni hili: nyuma ya wavu yuko nani? Padre anayesikiliza amefungwa na siri ya maungamo. Akiivunja waziwazi, anatengwa na Kanisa papo hapo. Katika programu hizo ni nani amefungwa, na kwa kiapo gani?

Iko programu iitwayo NGL, ya kampuni ya Marekani. Mwezi Julai 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo, pamoja na mwendesha mashtaka wa Los Angeles, waliishtaki kampuni hiyo. Walidai kwamba baadhi ya ujumbe uliowafikia vijana haukutoka kwa rafiki yeyote, bali ulitungwa na kampuni yenyewe. Kisha aliyetaka kumjua mwandishi alitozwa hadi dola 9.99 kwa juma, akapewa dokezo lisilomfaa kitu. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5, na kutowapa huduma hiyo walio chini ya miaka 18. Fikirini: mtoto analia usiku kwa neno lililoandikwa na kompyuta, naye analipa ili ajue nani amemliza!

Vijana wangu, mgeni asiye na jina akikuomba picha yako, au shule unayosoma, au mkutane mahali, usimjibu. Akikutisha, usifute ujumbe wake. Uhifadhi, kisha umwoneshe mtu mzima unayemwamini. Katika Tanzania na Kenya iko pia namba 116 ya kuwasaidia watoto, nayo hupigwa bila malipo.

Nanyi wazazi, nawasihi, msianze kwa kunyang'anya simu. Mtoto aliyepigwa siku aliyosema ukweli, siku nyingine atamtafuta asiyemjua. Makatekista, tengeni muda baada ya mafundisho, kijana apate kuuliza pasipo wenzake kusikia. Nimeona maswali yakiandikwa kwenye vikaratasi na kutiwa kikapuni. Hayo ndiyo niliyoyajibu kwa shida kuliko yote.

Yule msichana aliifuta programu ile mwenyewe, si kwa amri yangu. Swali lake aliniuliza Jumamosi iliyofuata. Mimi hukaa kitubioni Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri, na wavu upo.