Kununua na Kuuza Fleti: Ijulikane Kwanza Ni Haki Gani Inayouzwa

(Maelezo ya Afisa Habari kwa watumishi wa umma na wakazi wa Ukerewe)

Wapo miongoni mwenu wanaokaribia kustaafu, na wapo wenye watoto wanaosoma au kufanya kazi Mwanza mjini, ambao hutamani kuwa na makazi yao ng'ambo ya pili. Kwa kuwa viwanja vya katikati ya mji ni haba na mawe ya Mwanza hayarahisishi ujenzi, wengi huelekeza macho kwenye fleti, yaani sehemu ya nyumba ya ghorofa. Jambo hilo ni jema. Lakini kiinua mgongo hupatikana mara moja tu katika maisha ya mtumishi, na kikipotea hakuna mshahara wa kukirudisha. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa tuzungumze juu ya sheria inavyosema kuhusu ununuzi na uuzaji wa fleti.

Neno langu kuu ni hili: anayenunua fleti hanunui kuta tu, bali hununua haki yenye muda na masharti. Basi kabla fedha haijatoka mkononi yapasa yajibiwe maswali matatu. Ni haki gani inayouzwa? Ni ya nani? Na imebaki miaka mingapi?

HAKI GANI?

Ndugu Wananchi, katika Tanzania Bara ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ameikabidhiwa kuwa mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Umiliki wa milele uliokuwapo zamani ulibadilishwa mwaka 1963 kuwa ukodishaji wa Serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 ukodishaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki ardhi kwa muda maalumu. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 imeendeleza msingi huo, na muda mrefu kuliko wote unaoweza kutolewa ni miaka 99.

Kwa fleti ipo sheria mahususi, nayo ni Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo Na. 16 ya mwaka 2008. Chini ya sheria hii mtu huweza kupewa hati ya sehemu yake ndani ya jengo, na papo hapo akawa mshirika katika mali ya pamoja, kama vile ngazi, paa, mabomba na uwanja. Kila mwenye sehemu huwa mwanachama wa umoja wa wamiliki wa jengo, na hulazimika kuchangia gharama za kulitunza.

Sasa yafaa itofautishwe fleti yenye hati na fleti ya kupanga. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Majengo yaliyotaifishwa mwaka 1971 yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 shughuli za Msajili ziliunganishwa na Shirika. Hivyo katika miji yetu wapo watu waliokaa miaka mingi katika fleti hizo, hata majirani wakazoea kuziita kwa majina yao. Watu hao ni wapangaji. Mpangaji akipokea kilemba ili ampishe mwingine, hakuuza nyumba, kwa kuwa hana nyumba ya kuuza. Na aliyetoa kilemba hakununua kitu ambacho mwenye jengo analazimika kukitambua. Anaweza kutolewa siku yoyote, na fedha yake akaidai kwa mtu ambaye hajulikani alikohamia.

YA NANI?

Jina lililo midomoni mwa watu silo ushahidi. Ushahidi umo katika daftari la Msajili wa Hati. Mnunuzi aombe upekuzi rasmi katika Ofisi ya Ardhi, alipe ada, apate jibu la maandishi. Upekuzi humwonyesha jina la mmiliki aliyeandikishwa, na kama hati imewekwa rehani benki, au kama yupo mtu aliyeweka pingamizi. Nakala ya hati iliyotolewa kwa mashine haitoshi. Aone hati yenyewe.

Iwapo mwenye hati amefariki dunia, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa wa marehemu, hata awe anaheshimiwa namna gani katika ukoo, hawezi kuuza kwa cheo cha ukubwa wake.

Tena, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Ridhaa hiyo ipatikane kwa maandishi. Fleti nyingi zimekwama mahakamani kwa sababu ya saini moja iliyokosekana.

IMEBAKI MIAKA MINGAPI?

Hati ya fleti haiwezi kuishi kuliko hati ya ardhi iliyobeba jengo. Kwa hesabu hiyo, hati iliyotokana na ukodishaji wa miaka 99 ulioanza mwaka 1963 hufikia ukomo wake mwaka 2062, isipohuishwa. Fleti mbili zilizo sawa kwa vyumba na mandhari ya ziwa huweza kutofautiana sana kwa thamani, ikiwa moja imebakiwa na miaka 80 na nyingine miaka 20.

Pamoja na muda, iulizwe mizigo. Je, kodi ya pango la ardhi imelipwa kila mwaka? Je, muuzaji anadaiwa na umoja wa wamiliki? Mnunuzi aombe barua ya umoja huo inayoonyesha michango iliyolipwa na matengenezo yanayokusudiwa.

Kwa sisi wa mwambao wa Ziwa liko jambo la ziada. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi kimo kisichoonekana tangu miaka ya 1960, yakaingia katika makazi ya watu. Basi anayevutiwa na upepo wa ziwa apime kwanza hizo meta.

WAJIBU WA MUUZAJI NA MNUNUZI

Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa mauzo uwe wa maandishi. Mkataba ueleze namba ya hati, bei, namna ya kulipa, na nani atalipa ushuru wa stempu na gharama nyingine. Muuzaji atimize kodi ya ongezeko la mtaji kwa Mamlaka ya Mapato, na asifiche rehani wala deni. Kamishna wa Ardhi ajulishwe juu ya uhamisho, na pale sheria inapotaka, kibali kipatikane.

Mwisho wa safari ni kuandikisha. Mkataba uliofungiwa sandukuni haumfanyi mnunuzi kuwa mmiliki. Umiliki huhama jina lake linapoingia katika daftari la Msajili. Kwa hiyo ni busara sehemu ya fedha ibaki mikononi mwa wakili hadi hapo.

Ndugu Wananchi, najua wapo watakaosema kwamba taratibu hizi ni ndefu, na kwamba nauli ya meli na ada ya wakili ni mzigo. Ni kweli. Lakini mzigo huo hupimwa kwa siku na shilingi chache, ilhali kesi ya nyumba hupimwa kwa miaka. Anayekuharakisha ulipe leo kwa madai kwamba kesho atapewa mwingine, mwachie huyo mwingine.